Mwanangu Ananipungia Mkono wa Kwaheri Kila Nikiingia Nyumbani

Shangazi Agnela, shikamoo. Nimekusoma gazetini miaka mingi nikiwacheka wanaume wanaokuandikia, leo zamu yangu imefika, wenzangu wanicheke na mimi, mradi nipate jibu kabla sijaibomoa nyumba yangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Mimi nina miaka thelathini na minne. Kwetu ni Machame lakini nimekulia hapa Arusha, naishi Kijenge na mke wangu Resiato, ambaye ni Mwarusha wa upande wa Kisongo, na mtoto wetu mmoja wa kike, Naipanoi, mwenye mwaka mmoja na miezi miwili. Kazi yangu ni dereva wa watalii. Msimu ukishika, kuanzia mwezi wa sita, naondoka nyumbani siku saba, siku nane, wakati mwingine kumi na mbili, narudi, nalala usiku mmoja au miwili, gari linaoshwa, naondoka tena. Resiato ana cherehani yake chumba cha mbele, anashona sare za shule, na mtoto anashinda naye hapo chini kwenye mkeka katikati ya vipande vya vitambaa. Ni nyumba ya kawaida, tunasali, tunacheka, au niseme tulikuwa tunacheka.

Shangazi, mtoto wangu ananifukuza.

Naomba usione kama natania, nisikilize mpaka mwisho. Ilianza vizuri. Alipofika miezi tisa mama yake akawa anamtoa nje kila ninapoondoka, mimi niko ndani ya gari nimeshusha kioo, yeye anaushika ule mkono mdogo anautikisa, anamwambia, "Mpungie baba, bai baba, bai," na siku moja ya mwezi wa tano mtoto akapunga mwenyewe bila kushikwa, vidole vyote vinajikunja na kujikunjua, nikaondoka nimefurahi mpaka nikawasimulia wageni wangu njia nzima hadi Makuyuni, walikuwa mtu na mkewe, wastaafu wenye wajukuu, nao wakafurahi na mimi.

Sasa mwezi wa saba nikarudi baada ya siku tisa porini, nimembebea zile ndizi nyekundu za Mto wa Mbu, nimekuwa nikiwaza njia nzima jinsi atakavyonirukia. Nikafungua mlango, nikavua viatu. Alikuwa kwenye mkeka anavuta uzi. Akaniangalia, akainua mkono, akanipungia. Nikadhani ananisalimia, nikacheka, nikakaa karibu naye. Akapunga tena. Nikanyoosha mikono nimchukue, akapunga kwa mikono yote miwili, harakaharaka, huku ananitazama usoni, kama mtu anayemwambia mgeni aliyekaa kupita kiasi, haya sasa, nenda.

Nikasema ni utoto, kesho atasahau. Kesho yake nimeamka, natoka chumbani na taulo, ananiona, anapunga. Nakunywa chai, anapunga. Safari iliyofuata nikarudi, hivyo hivyo. Mwezi wa nane, hivyo hivyo. Sebuleni tuna picha yetu ya harusi ukutani, anakwenda kukaa chini yake, anamnyooshea kidole mama yake, halafu ananinyooshea mimi niliye kwenye picha, na kunipungia. Hata kwenye picha hanitaki. Likipita gari la dizeli huko nje, mkono juu. Jumapili moja tulienda kanisani, Resiato amekaa na kina mama mstari wa mbele amempakata, mimi niko nyuma yao na wanaume, mtoto akageuka juu ya bega la mama yake akaniona, akanipungia kuanzia matangazo mpaka sadaka, watu wakawa wanacheka kimyakimya na mzee mmoja akaniinamia akaniuliza, "Unaaga mapema hivi, unakwenda wapi?"

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wengine wote anawapokea vizuri. Bado hajui kusema, neno lake ni moja tu, "dedede," lakini kwa mikono na mwili anasema kama mwanasheria. Akimtaka mama yake anampigapiga kifuani. Mama mkwe wangu, ambaye wote tunamwita koko, akija na shanga zake shingoni huwa anatikisa mabega kumchezesha, basi mtoto akisikia sauti yake tu mlangoni, mabega yanaanza kucheza. Mbwa wa jirani akipita anatoa ulimi na kuhema. Cherehani akiitaka, ananyanyua miguu yake kama anakanyaga. Maziwa ni ngumi anaifinya na kuiachia. Anakunyooshea kidole kitu usichokiona, halafu anakuangalia kama umeona, usipoona anakasirika. Kila mtu na kila kitu vina heshima yake, Shangazi, mimi peke yangu ndiye ninayeonyeshwa mlango.

Sasa naungama. Siku moja nilishindwa kuvumilia. Nilikuwa nimechoka, nimeendesha kutoka Serengeti kwenye vumbi lile, naingia ndani, mkono juu. Nikaushika nikaushusha, nikamwambia, "Acha." Sikumpiga, sikumminya. Lakini aliutazama mkono wake, akaugeuza, akautazama tena upande wa pili, halafu akalia. Resiato akasimamisha cherehani akaniangalia.

Kesho yake nikaenda Daraja Mbili kwa dada yangu mkubwa Hedwiga, ana duka la mapazia, ndiye aliyenilea baba yetu alipofariki, sina ninachomficha. Nikamsimulia nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alikunja pazia alilokuwa amelishika, akaliweka, akasema, "Aminiel, damu inajuana. Mtoto hamfukuzi baba yake."

Nikamuuliza, "Una maana gani, dada?"

"Mimi sina maana. Wewe unakaa porini siku kumi, mimi nitajua nini? Ila yale masikio yake nimeyatazama siku ya ubatizo, kwetu hayapo. Siku hizi kuna vipimo."

Shangazi, neno hilo lilinikaa. Naendesha naliwaza. Nawaonyesha wageni ndovu, nawaeleza kwamba akitandaza masikio na kukusimamia hivi anakuonya, akiyapepea taratibu hana habari na wewe, wanaandika kwenye madaftari yao, na mimi kichwani nina masikio ya mtoto wangu. Niliporudi nikamwambia Resiato tukiwa tunakula, eti kwa utani, "Huyu mtoto kweli anamjua baba yake?"

Akaweka kijiko chini. "Rudia, taratibu, nisikie vizuri."

Nikacheka, nikasema nilikuwa natania. Toka siku hiyo ananihudumia vizuri kabisa, chakula kipo, nguo zimenyooshwa, ila maneno ni "karibu" na "safari njema."

Na bado sijamaliza. Asubuhi ile ya kuondoka mama yake alikuwa anaoga, mtoto amelala, nikachukua mkasi mdogo wa kushonea nikamkata kucha vidole vyote kumi, nikazifunga kwenye karatasi, nikaziweka ndani ya gari kwenye kisanduku cha mbele, pamoja na leseni yangu. Nilisikia kwamba kipimo kinaweza kufanyika hata kwa kucha. Mpaka leo zipo hapo, natembea nazo. Na Jumamosi iliyopita safari iliisha mapema, badala ya kwenda kwangu nikalala kwa Hedwiga, nikampigia Resiato simu kwamba wageni wameongeza siku. Nilikuwa naogopa ule mkono. Mwanaume mzima ambaye simba wamelala chini ya gari lake.

Nakuandikia kwa simu nikiwa Karatu, wageni wamepumzika baada ya chakula cha mchana, na mimi niko kwenye kivuli cha gari. Keshokutwa narudi Arusha. Niambie, nipime nijue moja, au ninyamaze niishi na shaka? Na kama mtoto ni wangu, kama nafsi yangu inavyoniambia nikiwa nimetulia, nimemkosea nini mpaka anifukuze kwenye nyumba ninayoihangaikia?

Wako,
Baba Naipanoi, Kijenge

*

Baba Naipanoi, marahaba.

Barua yako nimeisoma nikiwa jikoni, nikaisoma tena kwa sauti ili mzee wangu asikie, na ulipofika kanisani kuanzia matangazo mpaka sadaka tulishindwa kuendelea. Uliomba uchekwe, umechekwa. Sasa kaa vizuri nikueleze, maana nikishamaliza kucheka nina hasira na wewe.

Mtoto wako hakufukuzi. Anakuita.

Soma barua yako mwenyewe. Koko ana jina gani kwa Naipanoi? Ni mabega yanayotikisika, kwa sababu hivyo ndivyo koko afanyavyo akija. Mbwa ni ulimi nje. Cherehani ni miguu inayokanyaga. Mama ni kifua, na huko sihitaji kukueleza kwa nini. Mtoto wa umri huo ulimi wake bado ni mzito, lakini kichwa si kizito hata kidogo. Anayajua mambo mengi kuliko anayoweza kuyatamka, kwa hiyo anachukua kitendo kinachoendana na mtu au kitu, anakifanya kuwa jina. Sasa jiulize, wewe ni kitendo gani amekiona mara nyingi zaidi ukiwa mbele yake? Ni miezi mitano sasa anatolewa nje, gari linanguruma, kioo kimeshushwa, uso wako uko dirishani, na mama yake anamwambia "baba" na kupunga, "baba" na kupunga. Wewe ulisikia somo la kuaga. Yeye alisikia somo la jina lako.

Ndiyo maana akiiona picha anapunga: huyu ni mama, huyu ni baba. Ndiyo maana likipita gari la dizeli anapunga: baba huyo. Na pale kanisani alikuwa anawaambia waumini wote waliokuwa tayari kusikia kwamba yule mwanaume aliyekaa nyuma ni wa kwao. Hayo ya mikono miwili, harakaharaka, akikutazama usoni, ungekuwa na masikio ungesikia anapiga kelele, "Baba, baba, baba."

Nawe ukaushika mkono huo ukaushusha.

Nakwambia haya nikiwa na ushahidi wangu. Mimi ni mtu wa Nkoaranga, na mwanangu wa kwanza, Lesian, alilelewa pale kwa wazazi wangu nilipokuwa chuo cha ualimu. Baba yangu alikuwa akipanda kile kijia cha kutoka kwenye kahawa akifika uani anagonga fimbo chini mara mbili kukung'uta tope. Mtoto hajui kutembea wala kusema, akawa anachukua mwiko anagonga sakafu mara mbili. Mama yangu akamnyang'anya mwiko wiki nzima, akidhani ni utundu wa kuharibu vyombo. Siku baba alipolazwa, mtoto akatambaa mpaka mlangoni akagonga kwa kiganja, mara mbili, akasubiri, mara mbili, akasubiri. Hapo ndipo mama alipoelewa. Alimrudishia mwiko na kumwomba radhi, mtu mzima wa miaka sitini anamwomba radhi mtoto wa miezi kumi na moja, na nilipopata habari sikuona ajabu yoyote.

Sasa nikugombeze.

Wewe unalipwa kusoma masikio ya ndovu. Unakaa na mnyama asiyesema neno, unamwangalia kwa utulivu, unawaeleza watu wazima anachotaka, na unasema kweli. Utulivu huo huo ungeupeleka kwenye mkeka wa nyumbani kwako nusu saa tu, usingeniandikia. Ila wewe ukiingia ndani unataka kupokelewa, hutaki kutazama. Mtoto hana mahali alipoandikiwa kwamba baba akirudi ni kumrukia. Ana njia yake, na ni nzuri kuliko uliyoiota.

Dada yako Hedwiga simchukii. Amekulea, anakuonea uchungu, na mwenye uchungu huropoka. Lakini masikio ya mtoto mchanga siku ya ubatizo si ushahidi wa kitu. Neno lake lilikuwa dogo, aliyelimwagilia maji ni wewe.

Na hizo kucha. Ndugu yangu, vipimo vya namna hiyo vina utaratibu wake na sheria zake, havifanywi na baba anayekata kucha mkewe akiwa bafuni. Tuseme lakini ungepata mlango wa kuupitia, kisha karatasi ikakuambia kwamba mtoto ni wako. Resiato ungemrudishia nini? Maana karatasi hiyo ingekuwa imeshamhukumu kabla ya kumwachia. Mwanamke huyu amekaa peke yake na mtoto msimu mzima, kila siku anamfundisha mtoto kukupenda usipokuwepo, na shukrani yake ni swali juu ya sahani ya chakula. Alikuambia urudie taratibu asikie vizuri. Alikusikia vizuri mara ya kwanza. Alikuwa anakupa nafasi ya kulimeza.

Nenda nyumbani. Keshokutwa ukifika mjini usipite Daraja Mbili, usipite popote. Kabla hujagusa mtoto, kabla hujavua hata viatu, mwambie Resiato yote: neno la Hedwiga, Jumamosi uliyodanganya, na kucha. Usizitupe njiani ukajifanya hazikuwepo. Mpe karatasi ile mkononi. Usimwombe acheke, usimwambie "lakini nawe elewa." Mwombe radhi, kisha unyamaze. Akikasirika ana haki, akichukua siku tatu kukasirika ana haki siku zote tatu, na wewe utaosha vyombo.

Akikuruhusu, fanya jaribio hili, usinisadiki mimi tu. Jifiche nyuma ya pazia au chumbani, mtoto asikuone wala asisikie gari. Resiato, mikono yake ikiwa imetulia magotini, amuulize mtoto, "Baba yuko wapi?" Basi. Asipunge, asitazame ulipo. Wewe chungulia uone mkono.

Baada ya hapo, akikupungia, mpungie na umwambie, "Ndiyo, baba. Baba amerudi." Kaa chini sakafuni, siyo kwenye kochi na simu. Akinyoosha kidole, fuata kidole mpaka ukione kitu na ukitaje jina, taa, mbuzi, mwanasesere, hata ukitaja mara ishirini. Ndivyo maneno yatakavyoingia, kupitia mikono hiyo hiyo unayoiogopa. Watoto wengine wa umri wake hawanyooshi kidole kabisa, hawapungi, ukiwaita jina hawageuki, wazazi wao wasikae nyumbani wakipiga ramli, wawapeleke kliniki wakaangaliwe. Wako hana tatizo. Wako anaongea siku nzima, amekosa tu mtu mmoja wa kumjibu.

Na ukiondoka, usitoroke akiwa amelala. Muage. Kisha nenda kwa bosi wako ukaombe siku zaidi za kukaa nyumbani kati ya safari na safari. Akikataa, utakuwa umejua msimamo wake. Ila kaombe kwanza.

Niandikie nijue. Nitakuwa nasubiri, na mzee wangu pia, ameshaniuliza mara mbili.

Shangazi Agnela

*

Shangazi Agnela, shikamoo tena. Uliniambia nikuandikie.

Nilifanya ulivyosema kwa mpangilio ule ule. Nilisimama mlangoni na viatu vyangu, nikamweleza Resiato yote, hata barua niliyokuandikia. Nilipofika kwenye kucha nikampa karatasi. Aliifungua juu ya meza ya cherehani.

Akasema, "Zilikuwa zinamkwaruza usoni. Nilipotoka kuoga nikakuta zimekatwa. Nilifurahi siku nzima, nikasema baba yake ameanza kumwangalia."

Shangazi, heri angenitukana. Alirudi kukaa, akashona sketi mbili za sare bila kuinua kichwa. Nikaosha vyombo. Sikumsemesha. Ilikuwa siku ya pili jioni aliponiuliza, "Na huyo Shangazi anasema mtoto anakufukuza kweli?" Nikampa simu asome jibu lako. Alisoma amesimama, akafika pale unaposema mkono ule ndio jina langu, akaketi. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa, akasema, "Baba Nai, wewe kweli ulikuwa hujui?"

"Wewe ulijua?"

"Toka mwezi wa sita. Nilidhani unajua. Nilidhani umenuna tu kwa uchovu."

Basi tukafanya jaribio. Nilijibanza nyuma ya pazia la chumbani. Resiato akaweka mikono magotini akamuuliza, "Nai, baba yuko wapi?" Mtoto akaacha kijiko alichokuwa anatafuna. Mkono ukapanda. Akapunga kuelekea mlangoni, akageuka akapunga kuelekea picha, halafu akainuka, siku hizo alikuwa ndiyo anaanza kusimama vizuri, akatembea akishikilia kochi mpaka dirishani, akaweka kidevu kwenye kizingiti na kupunga nje, kwenye njia ambayo haikuwa na mtu.

Resiato akasema, siyo kwa sauti kubwa, "Hivyo ndivyo anavyofanya kila asubuhi ukiwa porini. Namwambia, ndiyo mama, baba atakuja."

Nilitoka nyuma ya pazia sioni vizuri mbele yangu. Naipanoi alipogeuka akaniona, alipunga kwa mikono miwili, akasahau kwamba ameshikilia dirisha, akaketi kwa makalio. Na mimi nikaketi hapo hapo sakafuni nikampungia. Tulipungiana, Shangazi, kama watu walioko kwenye treni mbili. Kila nikijibu anacheka kwa tumbo, anaanza upya. Koko alitukuta hivyo, akatuuliza kuna nani anasafiri.

Hedwiga nilimwendea mwenyewe. Alifunga duka saa nane mchana, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya, tukaja naye. Aliongea na Resiato jikoni, mlango umefungwa, sikuambiwa waliyozungumza na sikuuliza. Walipotoka Hedwiga alikuwa amembeba Naipanoi, na mtoto amemshika sikio.

Bosi nilimwomba siku tano kila nikirudi. Amenipa tatu. Tatu si mbaya.

Jana niliondoka tena, siku nane. Resiato alimtoa nje kama kawaida, mimi nimeshusha kioo. Mtoto alinipungia. Halafu, kitu ambacho hajawahi kukifanya, akanyoosha kidole kwenye mlango wa gari, na baada ya hapo akajigonga kifuani kwake mwenyewe, siyo kwa mama yake. Akatusubiri. Tulipochelewa akarudia yote matatu, polepole, kama mwalimu anayewasomea watoto wagumu kuelewa: mkono, mlango, kifua.

Nilizima injini. Resiato akapanda mbele akampakata, nikawasha tena, tukaenda taratibu mpaka kwenye kona ya lami na kurudi, mtoto amesimama magotini mwa mama yake anamnyooshea kidole kila tunayepishana naye.

Wageni walinisubiri hotelini kwa dakika kumi na tano. Niliwaeleza sababu. Bibi mmoja wa kundi lao akaniambia niwaonyeshe jinsi anavyofanya, nikawaonyesha, na gari zima likanipungia mpaka tulipotoka mjini.

Baba Naipanoi, Kijenge